Kilio cha Kapiteni Mwenye Viatu Vyeupe

Habari iliyowasha moto Jumamosi ile pale kwenye benchi la kahawa la Mama Fidélie haikutoka redioni wala kwenye simu ya mtu. Ilitoka ng'ambo ya barabara: duka la Papa Misumari lilikuwa limefungwa.

Asiyeijua Kikula, mtaa wetu wa Likasi, atauliza, duka likifungwa kuna nini? Basi aelewe kwamba duka lile la misumari, rangi na mabati halifungwi. Lilikuwa wazi mwaka ule upepo ulipobeba paa lake lenyewe, na mwenyewe akawa anauza mabati huku ananyeshewa. Lilikuwa wazi hata siku aliyooa. Alifunga ndoa, akala, akarudi kupima nondo. Papa Misumari jina lake ni Nazir. Alizaliwa Likasi, na baba yake alizaliwa Likasi, na vitu vya mababu alivyobakiza ni viwili tu: chai ya iliki, na kriketi, mchezo anaoutazama peke yake kwenye televisheni ya dukani, maana mtaa mzima hakuna anayeuelewa wala anayetaka kueleweshwa.

Osée alikuwa amekaa katikati ya benchi, mahali pa kapiteni. Yeye ndiye kapiteni wa timu ya pétanque ya benchi hili, mchezo ule wa kurusha mipira ya chuma ikalale karibu na kimpira kidogo cha mbao kinachoitwa cochonnet. Kimpira hicho hukaa mfukoni mwake hata kanisani. Tangu astaafu kule kiwandani, hiki ndicho cheo pekee alichobaki nacho duniani, na mtu akimwita Osée bila kutanguliza Kapiteni, haitiki.

“Bantu, kuko neno!” Aliyekuja mbio, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, ni Cyrille. Wanamwita Antenne, kwa kuwa habari humfikia yeye kabla haijatokea. “Nimechungulia mu katundu ka mulango. Papa Misumari eko nalia!”

“Eko nalia namna gani?” Huyo ni Jean-Luc, ambaye jina lake la benchi ni Maître, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi wa kesi ya mbuzi. “Kulia iko namna mingi. Machozi, ama sauti?”

“Yote mbili. Na makamasi juu.”

“Basi ni kilio, kuko mutu alikufa,” alisema Mama Fidélie, akaweka chini chujio lake la kahawa.

“Ngoja, siyamaliza. Ku ukuta kuko foto mukubwa ya mwanaume, bameizungushia maua. Chini yake mishumaa, bougie tatu, zinawaka. Na ule mwanaume amevaa nguo nyeupe. Suruali nyeupe, shati nyeupe, kofia nyeupe, mpaka viatu nyeupe.”

Maître alisimama wima kama mtu aliyepata ushahidi.

“Viatu nyeupe? Mu Likasi, na hii bulongo yetu, hii udongo nyekundu? Mutu mwenye kuvaa viatu nyeupe hatembei tena. Ule bamemuvalisha. Bamemuvalisha na bamemulalisha.”

“Yesu wangu,” alisema Fidélie. “Ni ndugu yake.”

Osée akavua kofia yake. Yeye na Nazir walikuwa hawasemezani tangu mechi na timu ya Kapolowe, na mtaa mzima ulijua. Nazir ndiye mrushaji bora wa timu. Mpira wake hupanda polepole, huanguka, kisha hujigeuza wenyewe na kwenda kulala ubavuni mwa cochonnet kama una nyumba pale. Siku ile walishindwa, na Nazir akamwambia mbele ya watu wote: Kapiteni, muda umefika, achia bengine. Osée alimjibu maneno ambayo hata Antenne aliona haya kuyasambaza. Tangu siku hiyo Nazir anakunywa chai yake upande wake wa barabara. Na kesho Jumapili, Kapolowe wanakuja kwa marudiano.

“Kapiteni na Papa Misumari hawasemeshane,” alinong'ona Antenne, mnong'ono uliosikika mpaka sokoni.

“Kwani ku kilio bantu banaendaka juu banapendana?” Fidélie alikuwa tayari ameinua mbabula yake, jiko la makaa, na birika juu. “Kapiteni, simama. Weye njo mukubwa. Weye njo utaongea.”

“Na bantu batakaa wapi? Ule hana viti, eko na mabati tu,” alisema Maître.

Wakaamua kulibeba benchi. Tatizo lilikuwa Eddy. Huyu wanamwita Délestage, kwa sababu hukatika usingizi katikati ya maneno bila kuaga, kama umeme, na hurudi saa ambayo hakuna anayemhitaji. Alikuwa amekatika tangu kikombe cha kwanza, amejinyoosha upande wa kushoto wa benchi. Kumwamsha ni kazi ya nusu siku. Walimbeba juu yake hapo hapo.

Ndivyo benchi la Mama Fidélie lilivyovuka barabara kwa mara ya kwanza tangu lipigiliwe misumari, likiwa na abiria. Wenye pikipiki walisimama, wakazima injini, wakavua kofia zao kwa heshima, wakidhani Eddy ndiye marehemu. Wawili waliegesha kabisa, wakafuata nyuma.

Osée alibisha. Nazir alifungua mlango nusu, macho mekundu kama pilipili za Fidélie. Akaliona benchi. Akaiona mbabula. Akamwona Eddy.

“Papa Misumari,” alianza Osée, kofia kifuani, “sisi bantu ya benchi tulisikia. Mambo ya kati yangu na weye tumeiacha kule barabarani. Tumekuya kulia pamoja na weye.”

Midomo ya Nazir ilitetemeka.

“Mulijua? Mumekuya juu yake?”

“Tungekosa namna gani?”

“Miaka yote nilizani niko minye peke yangu mu Likasi muzima mwenye kumupenda!”

Akamwangukia Osée shingoni, akalia mpaka kola ikalowa. Osée naye akalia. Hakujua anamlilia nani, lakini alilia vizuri, kwa roho yote, maana alikuwa na mambo yake ya kulilia na hii ilikuwa nafasi.

Wakaingia, wakakaa. Fidélie akapuliza makaa. Ukutani yule mwanaume wa nguo nyeupe aliwatazama katikati ya maua yake. Maître akakohoa kohoo la msibani.

“Kwetu, mbele ya kuimba, mwenye kilio anaambiaka bantu maisha ya mwenye kufa. Jina?”

“Saleem Darbari,” alisema Nazir. “Kapiteni.”

“Kapiteni ya jeshi?”

“Ya kriketi. Timu ya taifa ya kule kwa babu yangu.”

“Mungu amupokee hata vile,” alisema Fidélie.

“Alizaliwa mu kaville, kamuji kadogo, baba yake fundi wa baiskeli. Mutoto mwembamba, hana nguvu, kukimbia hawezi. Mu ile mchezo, benzake banatupaka mupira mbio kama risasi. Yeye akasema, minye nitatupa polepole.”

“Polepole?”

“Polepole, Mama Fidélie. Anatembea kidogo, anaizungusha na kidole. Mupira unapanda, unashuka. Ule mwenye gongo anaona, aa, huyu nitamutuma mpaka ku ziwa ya Tshangalele, samaki bamukule. Anainua gongo. Mupira ukigusa bulongo, unageuka! Unapita pembeni, unaangusha vijiti vitatu vyenye viko nyuma yake. Kwisha. Arudi kwao.”

“Mutu mubaya kabisa,” alisema Fidélie kwa kupendezwa.

“Mechi yake ya kwanza ya taifa bakamupiga kila fasi. Mupira mumoja ulienda kuvunja kioo ya bus, na bus yenyewe ilikuwa ya timu yake. Gazeti zikaandika, huyu arudi ku baiskeli. Akarudi kweli. Anatengeneza baiskeli muchana, jioni anatupa mupira ku ukuta ya atelier, kale kanyumba ka kazi, mpaka ukuta ikatoboka na baba yake akaanza kuona jirani. Kisha bakamuita tena. Na pale sasa! Mpaka mwisho, ameangusha bantu zaidi ya mia tatu.”

Maître akavua miwani.

“Mia tatu,” alisema taratibu. “Na padri alipata muda wa kumuungamisha?”

“Vijiti, Maître! Ni vijiti zao njo zinaanguka!”

“Aaa.”

“Na match moja inakawiaka muda gani?” aliuliza Antenne.

“Siku tano.”

Hapo msiba ulisahaulika kidogo.

“Siku tano! Match moja! Bake zao banasemaka nini?”

“Banapumzikaka, Antenne. Midi, saa sita, banakula. Saa ya chai, banasimama bote, banakunywa chai.”

“Banasimamisha match juu ya chai?” Fidélie alivuta kigoda karibu. “Na ile chai, nani anabauzishiaka?”

“Na kisha ya siku tano,” Nazir aliendelea, “inawezekana hakuna mwenye kushinda.”

“Sasa nimeelewa,” alisema Maître. “Ile haiko mchezo. Siku tano, kula, chai, bantu bamesimama inje banangojea, na ku mwisho hakuna mwenye kushinda. Ile ni procès, ni kesi. Ile ya mbuzi ilikuwa vile vile.”

Hata Nazir alicheka katikati ya machozi. Lakini Osée alikuwa na swali lake.

“Kuwa kapiteni, alikaa muda gani?”

“Miaka kumi na moja. Mwaka mumoja bakashindwa match sita, moja juu ya ingine. Bantu bakatengeneza mutu wa majani, bakamuvalisha jina yake, bakamuchoma mu barabara.”

“Na akabaki kapiteni?”

“Akabaki.”

“Bamemuchoma na akabaki,” Osée alirudia, akimtazama Maître, ambaye tangu Kapolowe alikuwa anapitisha maneno ya chini chini kuhusu damu mpya. “Umesikia, Maître? Mu dunia kuko bantu banabebaka kapiteni yao.”

“Baada ya kumuchoma,” alisema Maître.

“Na ile match kubwa!” Nazir alisimama, akakunja mikono ya shati. “Siku ya tano, jua inashuka, bamebakia bantu babili tu ba kuangusha. Na kidole ya kapiteni, hii hapa, ya kuzungushia, ngozi imetoka yote. Damu ku mupira. Akaifunga na kitambaa. Arbitre, ule mwamuzi, akasema hapana, ku ile kidole kitambaa iko défendu. Bakamwambia, kapiteni, toka. Akafungua kitambaa na meno. Akatupa na ile kidole vile vile. Wa kwanza, chini! Wa pili akangoja, akangoja, jua sasa inagusa nyumba... chini!”

Akapiga ngumi juu ya sanduku la misumari. Sasa walikuwa wanalia wote kweli kweli. Mmoja wa wale wenye pikipiki alipenga kamasi kwenye glavu. Fidélie akafumba macho, akaanzisha wimbo wa kuaga maiti, Antenne akapokea sauti ya pili, na Osée akaufumbua mdomo wake tayari kwa ya tatu. Ndipo Fidélie alipofumbua macho, yakatua kwenye televisheni nyuma ya mgongo wa Nazir.

Wimbo ulikatika. Birika likaanguka.

“Maria! Maiti eko nakunywa chai!”

Na kweli, pale kwenye kioo, na ndevu zake na viatu vyake vyeupe, Saleem Darbari alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapuliza kikombe. Antenne alishafika mlangoni. Mwenye pikipiki mmoja alikuwa amemshika mwenzake shati.

“Nazir,” alisema Osée polepole. “Ule ni nani?”

“Njo yeye. Leo ni match yake ya mwisho. Anaacha leo.”

“Anaacha nini?”

“Kutupa mupira!”

“Na kupumua?”

“Kupumua iko naendelea muzuri. Eko na miaka makumi tatu na munane tu.”

Mlipuko uliofuata ulisikika mpaka soko la nyanya.

“Uliweka bougie!” alipiga kelele Maître.

“Ni heshima!”

“Ulifunga duka!”

“Ningeuza misumari siku kama hii? Kwani mulizani nini?”

“Tulizani kilio! Nimebeba mbabula!” Fidélie alishika kiuno. “Nimeimba! Nimeacha bakliyenti inje na vikombe mukononi, juu ya mutu mwenye kunywa chai kupita minye!”

“Turudi,” alisema Antenne.

“Haiwezekane,” alisema Maître. “Bantu bote bametuona. Pikipiki zimesimama. Tukitoka hapa bila maiti, Kikula itasema tunachezeaka vifo. Mutu mumoja lazima alale.”

“Basi lala weye, Maître, tumalize.”

Walicheka. Walicheka mpaka Antenne akajikuta amekaa ndani ya karai la saruji. Osée peke yake hakucheka. Alitaka kukasirika, na hasira alikuwa nayo, lakini macho yalikuwa yamegoma kutoka kwenye televisheni. Kule uwanjani chai ilikuwa imekwisha. Darbari alirusha mpira wake wa mwisho, polepole. Kisha wachezaji wa pande zote mbili wakajipanga mistari miwili, wakainua magongo yao juu yakagusana kama paa, na yeye akapita katikati. Mwishoni alisimama bibi mmoja mfupi, mama yake. Uwanja mzima ulikuwa umesimama.

“Hata bale wa timu ingine banamupigia makofi?” aliuliza Osée.

“Hata bale alibaangushaka.”

Siku yake ya mwisho kiwandani, Osée alirudisha kofia ya chuma dirishani, na mtu wa dirishani hakuinua kichwa. Alitoka getini, akapita njia ile ile ya kila siku, na sufuria yake ya chakula ikigonga mguu. Hakuna aliyepiga kofi hata moja. Ilimuuma siku ile, na ikamuuma tena sasa hivi, mbele ya mabati ya Nazir.

Nazir alimsogelea.

“Kapiteni, ile siku ya Kapolowe nilisema mubaya. Lakini nilitaka utoke kama huyu, bantu beko nakupigia makofi. Sikutaka bangoje boule, ile mupira ya chuma, ikuangukie ku muguu na bakucheke.”

“Boule iliniangukia ku muguu mara moja tu.”

“Mara mbili,” alisema Antenne kutoka ndani ya karai.

Osée akamtazama mmoja baada ya mwingine, hawa watu wajinga waliobeba benchi kuvuka barabara kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

“Munifanyie vile,” alisema, “na minye naachia. Leo. Hapa hapa.”

Hakuna aliyengoja arudie. Duka la Nazir lina mipini ya majembe tele. Kila mmoja akanyakua wake. Maître na Antenne huku, wenye pikipiki kule, Fidélie na upawa wake, Nazir mwishoni, mahali pa mama. Mipini ikainuliwa, ikagusana. Osée akajifuta uso, akanyoosha shati, akapita. Walimpigia kelele mpaka mabati yakaitika. Fidélie alipiga vigelegele kama vya arusi. Ilikuwa safari fupi kutoka rangi mpaka misumari, lakini Osée aliitembea taratibu sana, na alipofika mwisho alikuwa analia na kucheka pamoja. Akatia mkono mfukoni, akatoa cochonnet, akaiweka kiganjani mwa Nazir.

“Kapiteni Nazir,” alisema.

Wakakumbatiana. Na wakiwa bado wamekumbatiana, Darbari akaanza kuongea kwenye televisheni, kwa lugha ya kwao. Nazir alisikiliza kidogo, kisha mkono wake ukaanza kutafuta rimoti nyuma ya mgongo wa Osée.

“Anasema nini?” aliuliza Antenne.

“Hakuna.”

“Nazir,” alisema Osée.

“Anaaga. Anaaga timu ya taifa.” Nazir alikohoa. “Ya taifa tu. Mwezi yenye kuya anaanza mu timu ingine. Ya match fupi-fupi.”

“Anaanza kama mutupaji tu?”

Nazir akaiangalia sakafu.

“Kama kapiteni.”

Osée akaitazama picha, maua, mishumaa. Kisha akanyoosha mkono.

“Leta.”

“Mais, Kapiteni, umeshapita mu mipini!”

“Na yeye alipita. Mbele ya mama yake.”

“Ile ni match fupi, haiko ya siku tano!”

“Na sisi na Kapolowe tunachezaka siku tano?”

Nazir alianza kucheka, akacheka mpaka pumzi yake ikazima mshumaa mmoja. Akamrudishia cochonnet.

“Kesho weye njo utatupa wa kwanza,” alisema Osée, akiifungia mfukoni. “Polepole. Na kidole. Na siku yangu ya kweli ikifika, nitabaambia minye mwenyewe. Ile mipini muichunge.”

Nazir aliikusanya ile mipini mmoja mmoja, akaifunga kwa kamba, akaisimamisha kwenye kona nyuma ya mizani.

“Hii haiuzwe,” alisema.

Walibeba benchi kurudi kwao. Katikati ya barabara umeme wa Eddy ukarudi. Délestage aliinua kichwa, akaona pikipiki zimesimama, kofia zimevuliwa, Fidélie ana machozi, Nazir amebeba mshumaa. Akavua kofia yake hapo hapo alipolala.

“Poleni sana,” alisema. “Ni nani alikufa?”

“Makapiteni babili,” alijibu Fidélie. “Lakini bamekataa.”